Kimelea cha malale hakijifichi ndani ya seli
Wengi hudhani kimelea cha malale, kinachoenezwa na mbung'o, hukwepa kinga kwa kujichimbia ndani ya seli kama kile cha malaria. Sivyo. Kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, huogelea kwenye damu waziwazi, kikiwa kimevaa koti la protini lenye molekuli zipatazo milioni 10 za aina moja. Kingamwili zikishalitambua, vimelea vingi hufa, ila vichache huwa vimeshabadili koti. Akiba yake ya jeni za makoti, nzima na mbovu, hupita 2,000, lakini husomwa moja tu kwa wakati, karibu na telomea, ile ncha ya kromosomu. Hapa ndipo penye uhondo wenyewe: protini ya telomea iitwayo RAP1 huzinyamazisha nyingine. Watafiti walipoipunguza, jeni nyingi zilizokuwa kimya zilianza kusomwa kwa mpigo.