Aina tata: kompaila inapokosa dalili ya kushika

Katika lugha ya programu ya Haskell, mstari ufuatao haupiti:

    safisha matini = show (read matini)

Ukiukagua huoni kasoro. `read` inapokea matini na kuigeuza kuwa thamani, `show` inapokea thamani na kuigeuza kuwa matini. Kinachoingia kinajulikana, kinachotoka kinajulikana, mabano yamefungwa, majina yako sawa. Lakini GHC, kompaila (programu inayotafsiri msimbo ili kompyuta iuendeshe) inayotumiwa zaidi kwa Haskell, inagoma na kutoa ujumbe wa namna hii:

    Ambiguous type variable ‘a0’ arising from a use of ‘read’
    prevents the constraint ‘(Read a0)’ from being solved.

Hili ndilo kosa la aina tata. Kati ya `read` na `show` kuna thamani inayopita, thamani hiyo lazima iwe na aina (kwa mfano namba au matini), na hakuna popote katika msimbo panapoonyesha aina hiyo ni ipi. Kompaila imeipa jina la muda, `a0`, ikazunguka kutafuta dalili, ikarudi mikono mitupu.

Wengi wanaoanza hulichanganya na kosa la kawaida la aina. Kosa la kawaida ni mgongano: funksheni inataka namba, wewe umeipa matini, na hakuna aina hata moja inayoweza kuridhisha pande zote mbili. Kwenye aina tata mgongano haupo kabisa, ila majibu yamezidi. `a0` inaweza kuwa `Int` (namba kamili), inaweza kuwa `Double` (desimali), inaweza kuwa `Bool` (kweli au si kweli) au orodha ya namba, na kila moja ingekaa vizuri mahali pake. Kwa hiyo ukianza kutafuta ulipokosea utapoteza muda bure. Tafuta kitu ambacho hujakisema.

Basi kwa nini kompaila isichague aina yoyote inayofaa, kazi iendelee? Jaribu na matini "007". Aina ya katikati ikiwa `Int`, `safisha` itatoa "7". Ikiwa `Double`, itatoa "7.0". Ikiwa `Bool`, programu itaanguka wakati inaendeshwa, kwa sababu "007" si `True` wala `False`. Mstari uleule mmoja una maana tatu tofauti, na bado hatujagusa aina nyingine. Kompaila ikichagua kimyakimya, itakuwa imekuandikia sehemu ya programu bila wewe kujua.

Ili kuona chanzo chake inabidi kufungua kidogo jinsi klasi za aina zinavyofanya kazi. Wazo hilo lilielezwa na Philip Wadler na Stephen Blott mwaka 1989, likaingia Haskell tangu mwanzo. Klasi kama `Show` ni orodha ya funksheni ambazo aina ikijiunga lazima izitimize. Funksheni yenye sharti la `Show a`, yaani aina `a` lazima iwe imejiunga na `Show`, ikishapita kwenye kompaila, hupewa hoja moja ya ziada isiyoonekana: kamusi yenye funksheni za `Show` kwa aina hiyo mahususi. `Int` ina kamusi yake, `Bool` ina yake. Aina zenyewe hufutwa kabla programu haijaendeshwa, lakini kamusi hubaki, na ndizo zinazoamua nini kitafanyika. Kwa hiyo kompaila inapouliza `a0` ni nini, inauliza ichomeke kamusi ipi pale. Bila jibu, hakuna cha kuchomeka.

Linganisha na `length []`. Orodha hii ni tupu, na aina ya vitu ambavyo vingekuwamo haijulikani hata kidogo. Hata hivyo msimbo unapita na jibu ni 0. Vitu vya ndani havijawekewa sharti lolote, havihitaji kamusi, na urefu wa orodha tupu ni uleule viwe namba au herufi. Aina isiyojulikana peke yake haina madhara. Tatizo huzaliwa pale aina isiyojulikana inapobeba sharti.

Hii ndiyo sababu OCaml, lugha nyingine ambayo nayo hung'amua aina yenyewe, haikusumbui namna hii. Haina klasi za aina. Kujumlisha namba kamili ni `+`, kujumlisha desimali ni `+.`, na anayetaka kugeuza matini kuwa namba huita `int_of_string`, jina ambalo limeshataja aina waziwazi. Upande wa lugha ya Rust, yenye kitu kinachofanana sana na klasi, tatizo linarudi: ukiandika `"5".parse()` bila kuonyesha unataka nini, kompaila itadai tamko la aina, na utaandika `"5".parse::<i32>()`.

Sasa kuna jambo linaloonekana kupingana na haya yote. `print (2 ^ 10)` inapita bila swali, ingawa katika Haskell 2 si lazima iwe `Int`. Inaweza kuwa namba ya aina yoyote iliyo katika klasi ya `Num`, na 10 nayo inaweza kuwa aina yoyote ya namba kamili. Huo ni utata mtupu. Unaokolewa na kanuni maalumu ya chaguo-msingi: kigeu cha aina (kama `a0`) kikiwa na angalau sharti moja la namba, na klasi zake zote zikiwa za maktaba ya kawaida, kompaila hujaribu `Integer` kwanza, ikishindikana `Double`. Bila kanuni hii hesabu ndogo kabisa zingejaa matamko ya aina. Bado ni uchaguzi uliofanywa kwa niaba yako, na una uzito: `Integer` haina kikomo cha ukubwa, wakati `Int` ikijaa huzunguka na kurudi kwenye namba hasi. Ukiwasha `-Wall`, chaguo la kuonyesha maonyo, GHC hukuonya kila inapotumia kanuni hii. Nakusihi usilizime onyo hilo katika msimbo wa hesabu nzito, hata kama linachosha.

GHCi, yaani dirisha la kujaribia msimbo papo kwa papo, huenda mbali zaidi, na hapa wengi hupotea. Kanuni yake ya chaguo-msingi imelegezwa: haidai klasi za namba tu, na aina ya kwanza inayojaribiwa ni `()`, aina yenye thamani moja pekee. Andika `show (read "5")` ndani ya GHCi na kompaila haitalalamika. Badala yake utapata `Prelude.read: no parse`, kwa sababu imechagua `()`, ikajaribu kuisoma "5" kama `()`, ikashindwa. Mtu huona msimbo uleule unakataliwa ndani ya faili lakini unakubaliwa kwenye GHCi, tena unaanguka kwa sababu isiyohusiana kabisa na anachofanya. Ukikutana na `no parse` mahali usipoitarajia, kwanza uliza ni aina gani iliyochaguliwa.

Katika kazi halisi `show (read x)` ni nadra. Mahali ambapo aina tata hukukamata ni kwenye kushughulikia hitilafu:

    soma njia = readFile njia `catch` \_ -> return ""

Nia iko wazi: faili lisiposomeka, rudisha matini tupu. Lakini `catch` inakubali hitilafu ya aina yoyote iliyo katika klasi ya `Exception`, na hapa haijasemwa ni ipi. Kompaila inakataa, na ina haki. Ukiandika `\(_ :: IOException) -> return ""` umesema unadaka matatizo ya kusoma na kuandika tu, kama faili kukosekana. Ukiandika `SomeException` umedaka kila kitu, ikiwa ni pamoja na mtumiaji kubonyeza Ctrl-C akitaka programu ikome; yeye anabonyeza, programu inamrudishia matini tupu na kuendelea. Ni programu mbili tofauti kabisa. Ninaposikia watu wakiweka `SomeException` ili tu kompaila inyamaze, huona wametupa swali la maana ambalo kompaila iliwauliza kwa wakati wake.

Njia nyingine inayoshangaza ni kuongeza `OverloadedStrings`, kiendelezi cha lugha kinachoruhusu matini yaliyo kwenye nukuu kuwa ya aina mbalimbali, juu ya faili ambalo lilikuwa likipita vizuri. Ghafla `length "habari"` inakataliwa. Kabla ya hapo "habari" ilikuwa orodha ya herufi na si kitu kingine. Sasa inaweza kuwa aina yoyote ya matini, na `length` nayo, tangu GHC 7.10, inapokea kitu chochote kilicho katika klasi ya `Foldable` badala ya orodha pekee. Kila upande ulikuwa ukitegemea mwingine uamue, na sasa pande zote mbili ziko wazi.

Kuhusu tiba, mahali pa kuweka tamko ndipo penye ugumu. Silika ya kwanza ni kuipa funksheni sahihi yake, yaani tamko la aina ya kinachoingia na kinachotoka:

    safisha :: String -> String

Haisaidii chochote. Kompaila ilishajua kinachoingia na kinachotoka. `a0` haimo ndani ya sahihi hiyo. Aina tata huzaliwa katikati na kuishia katikati, kwa hiyo ni huko huko inapaswa kutajwa: `show (read matini :: Int)`, au tangu GHC 8.0 ya mwaka 2016, kwa kiendelezi cha `TypeApplications`, `show (read @Int matini)`. Mimi hupendelea njia ya tatu pale inapowezekana, yaani kuitoa hatua ya katikati na kuipa jina na sahihi yake, `somaNamba :: String -> Int`. Atakayesoma msimbo baadaye ataona uamuzi ulifanyika wapi.

Kuna sura moja ya mwisho ya kosa hili, ambayo hutokea kabla hujaita funksheni yoyote:

    class Ukubwa a where
      baiti :: Int

Kila aina itakayojiunga na `Ukubwa` itataja baiti zake. Lakini `a` haionekani ndani ya aina ya `baiti`, ambayo ni `Int` tu, kwa hiyo anayeiita hana njia ya kawaida ya kusema anaulizia baiti za nani. GHC hulikataa tamko lenyewe na kupendekeza kiendelezi cha `AllowAmbiguousTypes`, kinachoruhusu aina tata. Ukiiwasha, utata haujaondoka, umesogezwa tu hadi pale funksheni inapoitwa, ambapo kila mara itabidi kuandika `baiti @Bool` au `baiti @Int`. Kwa klasi ya namna hii ni sawa kabisa, mradi umeiwasha ukijua. Lakini pendekezo hilo likikujia kwenye funksheni ya kawaida, tazama kwanza kama kuna kigeu kwenye masharti ambacho hakimo katika hoja wala katika jibu. Mara nyingi ni sharti lililobaki baada ya msimbo kubadilishwa, na kulifuta kunatosha.