Ukaguzi wa barafu changa: maana yake kabla ya mashua kushuka ziwani

Ukaguzi wa barafu changa ni kazi ya kulichunguza ziwa lililoganda siku chache zilizopita, kujua kama linaweza kubeba mashua zenye tanga zinazoteleza juu ya barafu, na kujua ni sehemu zipi za ziwa hilo zisizofaa kuguswa. Uzito wa kazi uko kwenye hilo la pili. Wengi hudhani kukagua ni kutoboa shimo, kusoma unene, kisha kutoa ruhusa. Shimo moja hutoa habari za shimo hilo tu. Mashua inayokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Katika dakika moja imeshavuka zaidi ya kilomita nzima ya barafu, na huenda hakuna mtu aliyeigusa barafu hiyo. Kwa hiyo mkaguzi hatafuti mahali pazuri. Anatafuta mahali pabaya kuliko pote.

Mashua yenyewe ni nyepesi. Aina inayojulikana zaidi ni DN, iliyobuniwa mwaka 1937 katika karakana ya gazeti la Detroit News, Michigan, Marekani, na jina lake linatokana na gazeti hilo. Mwili wake una urefu wa mita 3.7 hivi, tanga lake mita za mraba 5.6, na chini yake kuna ubao wa mkingamo wa mita 2.4 uliotanda kushoto na kulia kama matengo ya ngalawa. Kila ncha ya ubao ina chuma cha kutelezea, na chuma cha tatu kiko mbele kwa ajili ya usukani. Mashua na mwendeshaji wake kwa pamoja hawafikii kilo 200. Barafu inayombeba mtu kwa usalama kwa kawaida itaibeba na DN. Kinacholeta maafa ni mwendo, kwa sababu mwendeshaji akiliona doa jeusi mbele yake, mara nyingi nafasi ya kugeuka imeshakwisha.

Ili kuelewa kwa nini unene hubadilika hatua kwa hatua, tuchukue maziwa ya Madison, jimboni Wisconsin, ambako mchezo huu una mizizi mirefu. Mto Yahara unaingia Mendota, unatoka na kuingia Monona, kisha Waubesa na Kegonsa. Mendota lina kina cha mita 25 mahali penye kina zaidi. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzijoto 4. Majira ya baridi yanapoanza, maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama, na hali huendelea hivyo hadi ziwa zima lifikie nyuzijoto 4. Kuanzia hapo maji yanayozidi kupoa huwa mepesi na kubaki juu, tayari kuganda. Ziwa la kina kifupi, kama Wingra lililo jirani, humaliza safari hiyo mapema. Mendota huchelewa, mara nyingi hadi Desemba imeshakolea, tena upepo huyavuruga maji yake na kuzuia ngozi ya kwanza ya barafu isishike. Kisha unakuja usiku mmoja usio na upepo wala mawingu, na asubuhi eneo kubwa limefunikwa.

Ila si eneo lote. Ghuba zinaweza kuwa zimeganda siku tano kabla ya katikati ya ziwa. Hivyo barafu moja, ukiitazama kutoka ufukweni, ina umri tofauti ndani yake: upande mmoja sentimita 10, na hatua mbili mbele sentimita 3. Mpaka huo ndio jambo la kwanza la kutafutwa. Barafu mpya kwa kawaida ni nyeusi zaidi na laini kama kioo, kwa kuwa unaona maji yaliyo chini yake. Ile ya zamani ina umande mweupe au vumbi la theluji juu. Mtu aliyelitazama ziwa kila siku tangu lianze kuganda, na kuchora wapi palikuwa wazi lini, ana nusu ya ukaguzi mkononi kabla hajakanyaga.

Hesabu ya unene husaidia kujua lini kuanza kupima. Chukua wastani wa baridi ya kila siku chini ya sifuri, ujumlishe siku kwa siku tangu mahali hapo palipoganda. Mwanzoni, kila jumla ya nyuzijoto 8 huongeza kama sentimita 2.5. Siku tatu zenye wastani wa hasi 6 zinatoa 18, yaani sentimita 5 na ushee. Theluji ikianguka juu, hesabu hiyo haifai tena, maana theluji ni blanketi linalozuia joto la maji lisitoke. Na hesabu haiwi kamwe kibali cha kushuka; inakuambia tu kama inafaa kubeba vifaa kwenda kupima.

Nguvu ya barafu haipandi sawa na unene wake: inapanda kwa mraba wa unene. Kanuni ya tahadhari inayotumiwa na wahandisi kwa barafu safi ni kuzidisha sentimita kwa sentimita, kisha mara 3.5, upate kilo. Sentimita 10 zinatoa kilo 350. Sentimita 5 hazifikii 90, yaani mtu mmoja na koti lake. Ukipoteza nusu ya unene, umepoteza robo tatu ya nguvu. Idara ya Maliasili ya Minnesota inamtaka anayetembea kwa miguu awe na sentimita 10 za barafu mpya iliyo safi, na unene wa mara mbili ikiwa barafu ni nyeupe, kwa kuwa nyeupe imetokana na theluji iliyolowa ikaganda na imejaa viputo vya hewa. Kwa DN, sentimita 10 za barafu nyeusi kote ambako mashua zitapita ni kiwango cha chini kabisa. Kwa maoni yetu ni busara kusubiri 13, hasa wanapotarajiwa watu wengi, maana mashua ishirini zikiegeshwa pamoja na wenyewe wakasimama kuzungumza, mzigo wa mahali pale ni mwingine kabisa.

Wakaguzi huenda wawili au zaidi, wakiachana mita 10 au zaidi, na hawashiki njia moja. Kila mmoja huvaa jaketi la kuokolea maisha juu ya nguo zisizopitisha maji, kofia ngumu, na vyuma vyenye meno chini ya viatu. Shingoni huning'iniza vishikio viwili vyenye misumari mikali, vya kujivutia akitumbukia. Vikiwa ndani ya mkoba havina faida. Kila mmoja pia ana kamba ya kurusha, filimbi, na simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopenya maji. Kifaa kikuu ni mtalimbo wenye ncha bapa kama patasi. Unaupiga mbele yako kila baada ya hatua chache, kwa nguvu ileile kila mara. Ukipenya kwa pigo moja, pana sentimita 5 au pungufu: simama, rudi kwa nyayo zako. Kila mtalimbo na kila mkono una kipimo chake, hivyo mwanzoni, karibu na ufukwe, piga mara kadhaa, kisha toboa na upime, ujue mapigo mangapi ni sentimita ngapi.

Kutoboa hufanywa kwa keekee ya betri yenye ncha ndefu. Ingiza rula yenye ndoano, ishike ukingo wa chini wa barafu, usome. Toboa angalau kila mita 45, na mara nyingi zaidi pale rangi, sauti au mlio wa mtalimbo unapobadilika. Tazama maji pia. Barafu huelea ikiwa na sehemu ndogo tu juu ya maji, kwa hiyo katika barafu ya sentimita 10 maji hupanda shimoni na kutulia milimita 8 hivi chini ya uso. Yakifurika juu, barafu imebonyea kwa mzigo unaoizidi, iwe theluji au nyinyi wenyewe mliosogeleana.

Kuna mahali pa kukaguliwa hata kama kila shimo lingine limekupa jibu zuri. Mlango wa mto na mahali mto unapotoka: kwenye malango ya maji ya Tenney, Yahara inapoiacha Mendota, mkondo hula barafu kutoka chini wakati juu panaonekana salama. Chemchemi, zilizo nyingi kandokando ya Wingra. Magati yenye mitambo ya kupuliza mapovu ili barafu isivunje nguzo. Sehemu za ziwa zilizobana kati ya rasi na rasi. Hatari kubwa kuliko zote ni mashimo ya mabata bukini na bata-maji. Ndege hao hukusanyika kwa wingi na kuzuia maji yasigande kwa siku nyingi; wakihama, shimo hufunikwa kwa usiku mmoja na ngozi ya sentimita mbili, na theluji kidogo ikipita juu huoni tofauti. Manyoya na kinyesi kwenye barafu ni alama ya kuogopwa.

Matuta ya mgandamizo nayo yana tabia yao. Barafu ikipata joto hutanuka, na isipokuwa na pa kwenda husukumana na kuinuka, mara nyingi kutoka rasi moja hadi nyingine. Kando ya tuta barafu huinama, maji hupanda juu yake, kisha huganda kijuujuu. Tuta lililovukika jana linaweza kuwa na maji wazi leo. Nyufa kavu na ngurumo za barafu inayotanuka ni kawaida. Ufa wenye maji, au vipande viwili vinavyocheza ukikanyaga, si kawaida.

Usawa wa uso hupimwa kwa jicho: nyayo zilizoganda, ufa mpana unaoweza kumeza chuma cha mashua, na barafu ganda, yaani tabaka jembamba lenye hewa chini yake baada ya maji kushuka. Hivi havizamishi mtu, lakini huivunja mashua ikiwa katika kasi.

Akitumbukia mtu, dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, kwa sababu baridi humlazimisha aheme. Ana kama dakika 10 ambazo mikono bado inamtii. Ageukie alikotoka, maana huko ndiko barafu ilikombeba, achome misumari, apige miguu hadi mwili ulale sambamba na uso wa maji, ajivute, kisha ajiviringishe mbali bila kusimama. Tumeeleza haya kwa kirefu kwa sababu familia nyingi za Kongo na Burundi zilizohamia Maine, jimbo jingine la Marekani lenye baridi, zinaishi karibu na maziwa ya namna hii, na watoto huyaona kama uwanja.

Matokeo huandikwa kwenye ramani: kila shimo na unene wake, rangi ya barafu, saa ya kupima, na mipaka ya hatari iliyowekewa vibendera au koni. Waendeshaji wote husomewa ramani hiyo kabla tanga halijapandishwa. Ripoti ya asubuhi haitumiki kesho yake. Mvua, upepo mkali wakati bado kuna maji wazi, au mchana wenye joto juu ya sifuri unaolainisha ukingo wa ufukwe, huifuta hata ndani ya saa chache, na hapo mtalimbo hushuka tena kwanza.