Sindano ya kroshia nambari 6: ni 6 ya wapi?

Kila mara msomaji anaponiandikia kwamba patani yake, yaani maelekezo ya kufuma, inataka sindano nambari 6, humjibu kwa swali: 6 ya wapi? Kwa Wamarekani, 6 ndiyo hiyohiyo G, nayo ni milimita 4. Kwa sindano za Kiingereza za zamani, 6 ni milimita 5. Kwa Wajapani, 6/0 ni milimita 3.5. Tena Wajapani haohao wana 6 nyingine, ile ya sindano nyembamba za chuma za kufumia lesi, ambayo ni milimita 1 tu. Nambari moja, unene wa aina nne, na zote zinaweza kuwa ndani ya mkebe mmoja hapa Mombasa.

Wala si ajabu. Sindano zetu hutoka kila upande. Kuna za urithi, zilizokaa kabatini Mji wa Kale tangu enzi za bibi. Kuna za jamaa walio ng'ambo, wanaotia mbili tatu ndani ya begi wakija likizo. Na kuna za Biashara Street, ambazo mwenye duka akishazitoa kwenye pakiti na kuzichanganya kikombeni, hata yeye hajui tena ipi ni ipi.

Tuanze na za Kiingereza, kwa sababu ndizo zinazowachanganya watu zaidi: nambari ikipanda, sindano inazidi kuwa nyembamba. 14 ni milimita 2, 8 ni milimita 4, 4 ni milimita 6. Aliyewahi kuezeka nyumba hatashangaa. Mabati ya geji 32 ni membamba kuliko ya geji 28, na asili ya mambo haya ni moja, yaani vipimo vya viwanda vya chuma vya Uingereza. Waya ulivutwa kupitia tundu dogo, kisha tundu dogo zaidi, na kadiri ulivyorudiwa kuvutwa ndivyo nambari ilivyoongezeka. Ubaya wake ukaonekana upande wa pili, wa sindano nene. Walipofika 0, ambayo ni milimita 8, nambari zikawaishia, ikabidi milimita 9 iitwe 00 na milimita 10 iitwe 000.

Wamarekani hutumia herufi pamoja na nambari, na hapo zinapanda kama unavyotarajia: B ni milimita 2.25, H ni 5, K ni 6.5. Lakini usilale. G ya leo ni milimita 4, ila zipo G, hasa za zamani, zenye milimita 4.25. N ndiyo mbaya kuliko zote, maana milimita 9 huandikwa M/N na milimita 10 huandikwa N/P. Ukiambiwa "nunua N" bila neno jingine, umeambiwa nusu ya habari. Milimita 7 nayo haina herufi kabisa kwenye orodha yao ya kawaida. Na sindano zao za chuma za lesi zinageuka zinakwenda kinyume, kubwa kwa nambari ikiwa ndogo kwa unene, huku kila kampuni ikijiamulia kidogo.

Za Kijapani, kama za kampuni za Clover na Tulip, zina mpangilio mzuri ukishajua kwamba ile alama ya /0 ndiyo inayotenganisha sindano za uzi wa kawaida na za lesi. 2/0 ni milimita 2, 5/0 ni 3, 10/0 ni 6.

Kuna mahali pamoja ambapo Mwingereza na Mmarekani wanakutana: 7. Kwa wote wawili ni milimita 4.5. Mjapani hayumo, 7/0 yake ni milimita 4.

Kwa hiyo mimi huenda na milimita, na hata Baraza la Uzi la Marekani, Craft Yarn Council, linashauri hivyohivyo. Sindano isiyo na alama, ipime. Kalipa ya fundi wa magari, kile kifaa cha kubania na kupimia unene, inatosha kabisa, wala hahitaji kukutoza kwa kazi ya dakika mbili. Ila angalia unapima wapi. Usipime kichwa chenye ndoano, usipime shingo iliyo chini yake tu, na usipime pale palipofanywa bapa kwa ajili ya kidole gumba. Pima mwili wa sindano, kati ya shingo na pale pa kidole, kwa sababu hapo ndipo kitanzi kinapokaa kikachukua ukubwa wake. Ikiwa ni ya plastiki au mwanzi, usibane sana, maana inabonyea.

Haya, umepima, sindano mbili zote ni milimita 5. Ukifuma nazo bado unaweza kupata vitambaa viwili tofauti. Hili ndilo watu hawaliamini mpaka walione. Sindano za kampuni ya Susan Bates, kichwa chake kimelingana na mwili, kama kwamba kimechongwa kutoka fimbo iliyonyooka. Za kampuni ya Boye shingo inachongoka, na kichwa kinaonekana kimetokeza. Mwenye mkono wa kukaza akipewa yenye shingo nyembamba, humalizia kitanzi palepale shingoni wala hakifikishi mwilini. Kwa karatasi ana sindano ya milimita 5, kwa kazi anafuma kwa 4 na kitu. Binafsi, wanafunzi wapya huwapa za kichwa kilicholingana. Mtu mzoefu achukue inayompendeza mkono, nayo asiibadilishe katikati ya kazi, hata kama nyingine imeandikwa milimita zilezile.

Na hali yetu ya hewa ina neno lake. Wakati wa kaskazi, jasho la mikono likiungana na uzi wa akriliki juu ya alumini, uzi unagoma kuteleza na mtu hujikuta amekaza bila kujua. Mwanzi unavumilika zaidi. Za chuma zipanguse na uzifunge vizuri. Hewa ya bahari haina huruma, na kutu ikishaingia kwenye kichwa cha sindano ya lesi, inakwaruza uzi.

Kipande cha majaribio ndicho kitakachokuambia ukweli wote. Tuseme unafuma foronya ya mto wa sentimita 50, patani inasema vitanzi 16 kwa kila sentimita 10, nawe unaanza na vitanzi 80. Ukipata 18 badala ya 16, foronya itatoka sentimita 44 na ushei, na mto hautaingia. Usijaribu kulegeza mkono kwa makusudi, utachoka safu ya tano na mkono utarudia tabia yake. Panda sindano kwa nusu milimita, ufume kipande kingine, uhesabu katikati na si pembeni. Ikitoka 16, andika milimita za sindano hiyo, na jina la kampuni yake, juu ya patani yenyewe.