Kuaga watoto baada ya kujitolea: yanayoaminiwa, na yanayobaki nyuma

Kila mwaka kuanzia Juni, vyuo vya Ulaya na Marekani vikifunga, Moshi na Arusha hujaa vijana wa kujitolea. Wapo wanaopanda mlima kwanza, wapo wanaofundisha Kiingereza, na wengi huishia kwenye makao ya watoto kwa wiki mbili, mwezi, pengine mitatu. Agosti ikielekea ukingoni, msimu wa kuagana unaanza. Anayeondoka ana machozi, ana picha kwenye simu, na akifika kwao ana watu wa kumsikiliza. Mtoto amebaki na mlezi wa zamu. Mengi yanayosemwa kuhusu kuagana huku husemwa na upande unaopanda ndege, na nadhani ndiyo sababu baadhi yake si kweli. Wala wahusika si Wazungu peke yao: wanafunzi wetu wa ustawi wa jamii huenda mafunzo kwa vitendo katika makao hayohayo, na wiki zao zikiisha nao huondoka.

"Mtoto mdogo husahau haraka, baada ya siku mbili anacheza tena"

Dhana hii ndiyo kongwe kuliko zote. Hospitali za Uingereza ziliiamini hadi miaka ya 1950. Wazazi walibanwa saa za kuwaona watoto waliolazwa, kwa hoja kwamba mtoto hulia mzazi anapoondoka, na asipomwona hutulia. James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby, aliutazama utulivu huo kwa karibu. Alichokiona ni hatua tatu: kwanza mtoto hulia na kumdai mtu wake, kisha hukata tamaa, mwisho hujitenga. Yule aliyenyamaza, ambaye manesi walimsifu kuwa amezoea, mara nyingi alikuwa amefika hatua ya tatu.

Mwaka 1969 Robertson na mkewe Joyce walionyesha filamu ya mtoto wa miezi 17 aliyewekwa kituoni kwa siku 9 wakati mama yake amekwenda kujifungua. Walezi wa pale hawakuwa wakali. Tatizo lilikuwa zamu. Mtoto alijaribu kumchagua mmoja awe wake, zamu ikabadilika. Akajaribu mwingine, naye akaenda. Mama aliporudi kumchukua, mtoto alilia na kumkataa. Hizo zilikuwa siku tisa tu, na mwenyewe ana mama anayerudi.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya watoto wa London, kwetu mtoto ni wa ukoo mzima, amezoea mikono mingi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na bahati nzuri ilishachunguzwa hapahapa jirani. Mary Ainsworth, ambaye kazi yake ndiyo msingi wa nusu ya tunachokijua leo kuhusu mtoto na mlezi wake, alianzia Uganda. Mwaka 1954 na 1955 alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akiwatembelea watoto wachanga 28 majumbani mwao. Mikono mingi aliikuta. Lakini ndani ya mikono hiyo mtoto alikuwa na watu wake mahsusi, kwa kawaida mama akiwa wa kwanza, na walipoondoka alijua. Bibi na shangazi wanaosaidia kulea hawaondoki mwezi wa nane kwenda kusikojulikana, wala nafasi yao haichukuliwi na bibi mwingine mpya wiki inayofuata.

"Alinikimbilia siku ya kwanza, ana upendo wa ajabu"

Nenda Rombo au Kibosho, ingia uwanjani kwa watu usiowajua. Mtoto wa miaka mitatu atajificha nyuma ya kanga ya mama yake, na shikamoo itatoka baada ya kusukumwa mara mbili. Hiyo ndiyo afya. Mtoto anayemrukia kila mgeni getini, anayetaka kubebwa na mtu ambaye hata jina lake hajui, anatuambia jambo jingine.

Barbara Tizard na wenzake waliwafuatilia watoto wa vituo vya Uingereza katika miaka ya 1970, vituo vilivyokuwa na chakula kizuri, vitabu na vifaa vya kuchezea. Kufikia umri wa miaka minne, mtoto wa kawaida pale alikuwa ameshalelewa na watu wapatao 50, ukihesabu wale tu waliokaa naye angalau wiki moja. Baadhi ya watoto hao walikuwa na urafiki wa kupita kiasi kwa wageni. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 ukihusisha watoto 136 ulikuta tabia hiyohiyo, na ukaonyesha kwamba waliohamishiwa kwenye familia za kuwalea, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walipata ahueni kubwa kuliko waliobaki. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Afrika Kusini, Linda Richter na Amy Norman, waliandika waziwazi kwamba msururu wa wageni wa muda mfupi kwenye vituo vya watoto wadogo una madhara: mtoto anazoea, anaachwa, anazoea tena, mpaka anajifunza kutozoea.

Kwa hiyo namna ya kuaga huamuliwa siku ya kufika. Aliyetumia mwezi mzima akiwabeba wachanga mgongoni atakuwa na kwaheri nzito. Aliyetumia mwezi huo akifua, akimenya viazi, akisahihisha madaftari ya wakubwa ili mlezi wa kudumu apate nafasi ya kuwabeba mwenyewe, kuondoka kwake hakutamvunja mtoto. Najua kazi ya jikoni haivutii kwenye tangazo la safari za kujitolea. Hakuna anayelipa dola elfu kadhaa aje kuosha sufuria.

"Bora niondoke akiwa amelala, nisimlize"

Kwa kweli asiyetaka kulizwa ni mkubwa. Mtoto akiamka atalia vilevile, ila sasa hana aliyemweleza. Na watoto wadogo wana kawaida ya kujitafutia sababu ndani yao wenyewe: ameondoka kwa sababu nilimwaga uji, kwa sababu nilikojoa kitandani. Anayetoroka usiku anaiachia sababu hiyo nafasi ya kukua.

Kinachofaa ni cha kuchosha kidogo. Walezi waambiwe kwanza, ili mtoto akiuliza apate jibu lilelile kwa kila mtu. Watoto waambiwe mapema, tena zaidi ya mara moja. Mtoto wa miaka minne haelewi "tarehe ishirini", lakini anaelewa "tutaenda kanisani Jumapili hii, na Jumapili nyingine, halafu nitaondoka". Michoro ukutani inayofutwa mmoja kila jioni inasaidia. Sababu itajwe ilivyo: muda wangu wa kukaa umeisha, narudi kwa mama na baba yangu, si kwa sababu ya kosa la mtu yeyote. Kisha atajwe anayebaki, kwa jina: kesho asubuhi Mama Neema atakuwepo, yeye ndiye atakayekuamsha. Akilia, aachwe alie. Akikasirika na kukataa kukupa mkono, hiyo nayo ni kwaheri.

Jambo moja ambalo wachache hulifanya, na lina thamani kuliko nguo za mitumba zinazoachwa kwenye mabegi: kumwandikia mtoto kumbukumbu. Mtoto wa nyumbani ana mtu wa kumwambia ulianza kutembea wakati wa mvua za masika, jino lako la kwanza liling'oka ukiwa unakula muwa. Mtoto wa kituoni, ambaye mashahidi wa utoto wake wamesambaa Hamburg, Toronto na Nairobi, mara nyingi hana. Karatasi moja yenye mambo mawili matatu uliyoyaona na picha iliyochapishwa, vikakabidhiwa kwa msimamizi viingie kwenye faili lake, vitamsubiri akue.

Keki na sherehe

Zikiwepo, ziwe ndogo, na zisiwe za mtu mmoja. Makao yanayopokea wageni kila wiki mbili yakifanya sherehe kwa kila anayeondoka, watoto watajifunza kwamba kuachwa huja na soda.

"Nikimwambia nitarudi atatulia"

Atatulia jioni hiyo. Ahadi ni deni, na mtoto ni mdai asiyesahau tarehe: ukisema mwakani, mwakani ataanza kuangalia geti. Wanaorudi kweli wapo, lakini asiye na tiketi mkononi hana sababu ya kusema. "Nitakukumbuka" inatosha, na ni kweli.

Vivyo hivyo kwa simu. Namba ya WhatsApp inayopewa kijana wa miaka kumi na mitatu kisirisiri, hela zinazotumwa kwake bila msimamizi kujua, huyo mgeni anaona ni upendo unaoendelea. Kwa kituo chochote chenye utaratibu wa ulinzi wa mtoto, huo ni mlango uliofunguliwa kwa mtu yeyote, mwema na mbaya. Barua zipite ofisini. Na zile picha za watoto wasio na viatu, mkono wa mgeni begani mwao, ziondolewe mtandaoni. Mtoto yule atakuwa mtu mzima, ataajiriwa, atachumbia, na hakuna aliyemuuliza.

"Namwacha peke yake, hana mtu"

Dhana hii ndiyo huzaa machozi mengi zaidi uwanja wa ndege, na mara nyingi si kweli. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba duniani, angalau watoto wanne kati ya watano walio kwenye vituo wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Wamefikishwa pale na umaskini, ada, ugonjwa, ulemavu, ndoa iliyovunjika. Wengine wana bibi kilomita thelathini tu kutoka hapo, asiye na nauli. Mgeni wa wiki nne hawezi kuwa ndiye mtu wa mwisho wa mtoto huyo.

Serikali zimeanza kuelekea huko. Rwanda ilianza mwaka 2012 mkakati wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, kisha ikatoa mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wenye lengo hilohilo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto, lilitaja madhara ya kujitolea kwenye nyumba za yatima, pamoja na kule kwa kitalii. Nauli ya yule bibi ni ndogo kuliko gharama ya wiki moja ya mgeni.

"Nikifika nyumbani nitakuwa sawa"

Wengi huwa sawa wiki ya kwanza. Halafu supamaketi inawakera, marafiki wanauliza "ilikuwaje?" na kutaka jibu la nusu dakika, na mama mtu anashangaa kwa nini mwanawe hasemi. Wanasosholojia Gullahorn, mume na mke, walieleza hili mwaka 1963: anayerudi kwao hushuka moyo kama alivyoshuka alipofika ugenini, na humuuma zaidi kwa sababu hakulitarajia. Peace Corps, shirika la watu wa kujitolea la serikali ya Marekani lililoanza 1961 na kuleta Tanganyika sehemu ya watu wake wa mwanzo kabisa, huwapa wanaomaliza muda posho maalumu ya kuanza upya maisha. Kurudi kunahesabiwa kuwa kazi.

Ila huzuni hiyo isichukuliwe kuwa kipimo cha msaada. Mtu anaweza kulia mwezi mzima kwa kazi ambayo haikumfaa mtoto hata mmoja, na mwingine akarudi mkavu baada ya kumfundisha mhasibu wa kituo kutumia kompyuta.

Hatimaye atakuja rafiki, pengine mdogo wake, aseme: nipe jina la kile kituo, nami niende. Kabla ya kulitoa, kuna ya kujiuliza. Je, kimesajiliwa, na afisa ustawi wa jamii hufika? Mgeni asiyechunguzwa rekodi yake aliruhusiwa kuwabeba wachanga? Katika muda wote uliokaa, ulimwona mtoto hata mmoja akirudishwa kwa ndugu zake? Majibu yakiwa hapana, ndiyo, hapana, mdogo wako asiende.