Bioanuwai Haihesabiwi kwa Miche

Kila msimu wa mvua unapokaribia, hapa Dodoma huanza hotuba za upandaji miti, na katika nyingi kati ya hotuba hizo neno bioanuwai hutajwa pale ambapo msemaji alikusudia kusema miti, au kijani, au wanyama wa mbugani. Neno limeingia katika mabango, katika taarifa za halmashauri na katika maandiko ya miradi, na kadiri linavyozoeleka ndivyo maana yake inavyozidi kulegea.

Maana yenyewe ni fupi. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, uliofunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1996, unaitambua bioanuwai kuwa ni utofauti wa viumbe hai katika ngazi tatu: ndani ya spishi moja, yaani aina moja ya kiumbe, kati ya spishi na spishi, na kati ya mifumo ikolojia, yaani viumbe pamoja na mazingira wanamoishi. Kinachopimwa ni utofauti. Anayehesabu miche na kudai amepima bioanuwai ni sawa na anayehesabu watu mkutanoni na kudai amejua lugha wanazozungumza.

Tuchukue mwarobaini, mti unaopendwa mno katika mitaa na taasisi za Dodoma, na kwa haki kabisa, maana hustahimili ukame, hutoa kivuli na hauliwi ovyo na mbuzi. Asili yake ni Asia ya Kusini. Eneo likifyekwa migunga, mikole, mikwaju na vichaka visivyo na jina katika Kiswahili cha mjini, kisha likapandwa mistari ya miarobaini, kijani kitakuwa kimeongezeka hata kwenye picha za setilaiti, na bioanuwai itakuwa imepungua. Kinyume chake, vile vichaka vizito vya Itigi, mkoani Singida, ambavyo mfano wake mwingine unajulikana kaskazini mwa Zambia, hupukutisha majani yote kiangazi hadi mgeni akadhani vimekufa. Anayepima uhifadhi kwa rangi atapita hapo mwezi Septemba akitamani trekta.

Kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, ni kudhani kwamba bioanuwai inakaa ndani ya mipaka ya hifadhi, Swagaswaga au Ruaha, na kwamba shambani hakuna cha kuhifadhi. Shamba la kawaida la uwele katika vijiji vya Chamwino, lile linalolimwa kwa jembe la mkono, lina mbuyu uliobakizwa katikati, lina migunga michache pembeni, na mvua za kwanza zikishanyesha huotesha mlenda pori kati ya mistari, ambao akina mama huuchuma, huukausha na kuusaga ili uliwe hadi msimu unaofuata. Chini ya udongo kuna visiki vya miti iliyokatwa zamani, na mizizi yake bado ni hai, ndiyo maana machipukizi hurudi kila mwaka hata mkulima akiyafyeka. Elimu ya kisiki hai, inayoenezwa sasa mkoani, haina siri nyingine zaidi ya hiyo: mkulima huchagua machipukizi machache, huyapogolea na kuyaacha yakue.

Shamba hilohilo likibadilishwa kuwa la alizeti au zabibu, likang'olewa visiki ili trekta lipite na kupigwa viuagugu ili palizi isiwasumbue wenye shamba, mlenda unatoweka, na ile akiba ya mizizi inakwisha. Sisemi kwamba alizeti isilimwe. Ila alizeti yenyewe inahitaji nyuki ili vichwa vijae mbegu, na nyuki hao wengi huishi katika mapango ya mibuyu ileile inayoonekana kuwa kizuizi cha trekta. Mbuyu nao huchanua usiku na hutegemea popo kwa uchavushaji, kwa hiyo mbuyu mmoja uliobaki peke yake katikati ya uwanda mtupu unaweza kuishi miaka mingi bila kuwa na jirani wa kuzaa naye.

Ngazi ya ndani ya spishi ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa sababu haionekani barabarani. Katika vihenge vya Wagogo, mtama si mtama mmoja: upo unaowahi kukomaa mvua zikikatika mapema, upo wa ugali na upo wa pombe, na kuna uwele wenye masuke ya nywele ngumu zinazowasumbua ndege. Kijiji kikihamia kwenye mahindi ya mbegu moja ya dukani, spishi iliyopotea kidunia ni sifuri, hata mtakwimu hatakuwa na la kuandika, lakini bioanuwai imepungua, na mwaka wa ukame ndio utakaoonyesha ni kwa kiasi gani.

Historia ya kanda hii ina somo la pande zote mbili. Kongwa, kati ya 1947 na 1951, Waingereza walifyeka vichaka kwa mitambo ili walime karanga, wakiamini wanaitumia ardhi isiyo na kazi. Udongo wa mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu kama saruji, mvua hazikutosha, mpango ukaachwa, na sehemu ya ardhi hiyo ikaishia kuwa ranchi ya ng'ombe. Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulioanza mwaka 1973, uliondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka mwaka 1979, na nyasi na miti ya asili ikarudi yenyewe juu ya makorongo kwa kiasi ambacho miche isingefikia. Wafugaji waliohamishiwa mifugo yao walilipa gharama kubwa, na wenzao walikopelekwa ng'ombe hao walibanwa. Hilo nalo liandikwe.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, hafla ya kupanda miti iitwe upandaji miti, kwa kuwa ni kazi njema yenye jina lake tayari. Neno bioanuwai lihifadhiwe kwa ajili ya kikao kingine, kile cha mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ambapo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatenga ardhi ya jumuiya, ardhi inayomilikiwa na watu binafsi au familia, na ardhi ya akiba ambayo inaweza kugawiwa baadaye. Hiyo ya tatu ndiyo ambayo katika mihtasari mingi huandikwa "ardhi tupu", wakati ina malisho ya masika, dawa, matunda ya mikole na mizinga ya watu. Katibu wa kikao akiandika "ardhi ya akiba" na kutaja yaliyomo, atakuwa amelitumia neno kwa usahihi hata asipolitamka.