Gari likikunjika mbele, limefanya kazi yake

Mimi nakagua magari yaliyogongwa, na kila mara nasikia mtu anasema gari za zamani zilikuwa chuma kweli, hizi za sasa zinajikunja kama kopo. Namwelewa, maana boneti iliyorudi mpaka karibu na kioo inatisha kuiangalia. Ila mimi nikikuta pua imekunjika hivyo halafu milango bado inafunguka, roho inatulia.

Kuelewa kwa nini, anza na momenta: ni masi (kilo za kitu) mara spidi, basi. Mtu wa kilo 70 akiwa kwenye gari linaloenda kilomita 54 kwa saa, yani mita 15 kwa sekunde, ana momenta ya 1,050. Gari likisimama, iwe kwa breki za taratibu au kwa kugonga ukuta, hiyo 1,050 lazima iishe yote, haibaki hata moja. Unachoweza kubadilisha ni muda tu, kwa sababu nguvu inayompata huyo mtu ni badiliko la momenta gawanya kwa muda lililochukua. Akisimama kwa sekunde 0.1 anapata wastani wa nyutoni 10,500 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), kama kubebeshwa uzito wa tani moja na kidogo. Ni nyingi, lakini zikigawanywa na mkanda kwenye bega, kifua na nyonga, watu wanapona. Akisimama kwa sekunde 0.01, kifua kimekutana na usukani, ni 105,000. Mtu yuleyule, spidi ileile!

Sasa hiyo sekunde 0.1 inatafutwa kwa umbali. Kutoka mita 15 kwa sekunde mpaka sifuri kwa muda huo unahitaji kama sentimita 75, na hizo unazipata kwenye pua inayokunjika pamoja na mkanda unaovutika kidogo. Béla Barényi, injinia wa Mercedes-Benz, ndo aliyelipigania wazo hili kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950: mbele na nyuma zikunjike, chumba cha watu kibaki kigumu. Gari gumu kila mahali linasimama ghafla na wewe unasimama nalo ghafla.

Lakini bila mkanda hizo sentimita zote hazikusaidii, na hapa ndo naumia sana nikikuta mkanda umefungwa nyuma ya kiti ili kuzima kengele. Gari linakunjika, linapunguza spidi, wewe bado unakwenda na mita zako 15 kwa sekunde mpaka ukutane na kitu kigumu ambacho tayari kimesimama. Eabegi, ule mfuko wa hewa, nayo inajaa kwa kama sekunde 0.03 na imepangwa imkute mtu aliyezuiwa na mkanda, mkanda ule wa pointi tatu wa Nils Bohlin wa Volvo, 1959.

Na mtoto wa kilo 10 mapajani? Kwa hesabu ileile ni nyutoni 1,500, sawa na kudaka kilo 150 bila kutegemea. Hakuna mzazi mwenye mikono hiyo, hata ampende vipi.

Ndo maana gari likigongwa kwa nguvu naandika mikanda ibadilishwe hata kama inaonekana mizima, kwa sababu mkanda ukishavutika mara moja hauna tena ule mvutiko wa kumpa mtu mwingine.