Nyaraka za manusura zina wenyewe

Kazi yangu ni kutunza nyaraka, na katika fani yetu kuchoma karatasi ni kama mwiko. Ndiyo maana suala la nyaraka za shule za bweni za Kanada, na jinsi vyuo vikuu vinavyopaswa kuiheshimu historia ya manusura wake, haliniachi.

Kwa asiyelijua: tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1990, serikali ya Kanada na makanisa waliendesha shule za bweni za watoto wa Wazawa, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi. Zaidi ya watoto 150,000 walipitia humo. Walinyolewa, walichapwa kwa kusema lugha za mama zao, wengi walidhulumiwa kingono, na maelfu hawakurudi nyumbani. Lengo lilisemwa waziwazi: mtoto atoke huko akiwa si mtu wa kwao tena.

Vyuo vikuu vinahusikaje? Jiulize mapadri, walimu na maofisa walioendesha mfumo ule walisomeshwa wapi. Chuo Kikuu cha Manitoba kilikiri hilo Oktoba 2011, mkuu wake wakati huo, David Barnard, alipoomba radhi katika mkutano wa Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kuchunguza shule hizo, huko Halifax. Tume ilipomaliza kazi mwaka 2015, ikiwa imetoa miito 94 ya kuchukua hatua, kumbukumbu zake zilikabidhiwa chuo hichohicho, katika Kituo cha Taifa cha Ukweli na Maridhiano mjini Winnipeg. Humo mna ushuhuda wa watu zaidi ya 6,500. Mna pia sanduku la mwerezi mwekundu lililotengenezwa na mchongaji Luke Marston, pande zake zote nne zikiwa ubao mmoja uliopindwa kwa mvuke. Tume ilizunguka nalo, na watu wakaweka ndani vitu walivyokuja navyo wenyewe. Karatasi walizofutia machozi wakati wa kutoa ushuhuda hazikwenda jalalani. Zilikusanywa, zikachomwa kwenye moto mtakatifu.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Sault Ste. Marie, Ontario. Chuo Kikuu cha Algoma kinatumia jengo lenyewe lililokuwa shule ya bweni ya Shingwauk, iliyofungwa 1970. Waliosoma hapo walikutana tena mwaka 1981, na juhudi zao ndizo zilizokuza hifadhi ya nyaraka iliyomo chuoni leo. Picha nyingi za shule hizi hazina majina. Unaona safu ya wasichana wenye nywele zilizokatwa sawasawa na gauni za aina moja, basi. Manusura huketi nazo wakawataja waliomo: huyu ni fulani, yule ni mdogo wake. Hakuna profesa awezaye kuifanya kazi hiyo kwa niaba yao. Mabango na sherehe za Septemba 30, siku ya kuwakumbuka watoto wa shule hizo, sizikatai, ila kwangu heshima hasa iko hapo: chuo kinatoa vyumba, makabati na mishahara, wenye historia wanasema nini kifanyike.

Sasa tuje kwenye moto. Manusura zaidi ya 38,000 waliwasilisha madai ya fidia kwa dhuluma walizotendewa, na walieleza mambo ambayo wengine hawajawahi kuwaambia hata wenzi wao. Waliahidiwa siri. Baadaye serikali ya shirikisho ilitaka mafaili hayo yahifadhiwe, na Kituo cha Winnipeg nacho kilipigania historia isipotee. Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua: yateketezwe baada ya muda uliowekwa, isipokuwa pale mdai mwenyewe atakapotaka yatunzwe. Mahakama ilijua kwamba wapo waliofariki bila kuulizwa, ikaona kuwa kuanika siri za watu ni dhuluma kubwa kuliko kupoteza karatasi.

Nakubaliana nayo, ingawa mafunzo yangu yote yanapinga. Watu hawa waliandikwa, wakapimwa, wakapigwa picha tangu utotoni bila kuombwa ruhusa. Taasisi ikishikilia na siri zao kwa jina la elimu, imewafanyia nini kipya?

Mwisho wa muda huo ni Septemba 19, 2027. Hadi siku hiyo, aliyedai anaweza kuomba nakala ya faili lake, kulipeleka Winnipeg liwekwe wazi kwa watafiti, kulipeleka huko kwa masharti, au kunyamaza tu. Akinyamaza, litateketezwa.